Kuzaliwa Dar si kinga ya malaria

Vijiweni, Mbagala hadi Tandale, utasikia: “Mimi mtoto wa Dar, malaria nimeshaizoea.” Kuna chembe ya ukweli hapo. Aliyeugua mara nyingi tangu utotoni hutengeneza kingamwili zinazopunguza makali ya ugonjwa, ndiyo maana baadhi ya watu wazima hubeba vimelea bila hata homa.

Lakini hiyo ni kinga nusu. Kimelea cha malaria kiitwacho Plasmodium falciparum hubadilisha protini kinazozibandika kwenye chembe nyekundu za damu, kama mwizi anayebadili shati kila mtaa. Kingamwili zilizokijua jana hazikitambui leo. Tena kinga hiyo hufifia. Anayeishi Ulaya miaka kadhaa kisha akarudi Temeke anaweza kulazwa kwa malaria kali huku akisingizia uchovu wa safari. (Uchovu hauleti homa ya nyuzi 39, jamani.)

Mjamzito naye, hasa wa mimba ya kwanza, yuko hatarini zaidi: vimelea hujikusanya kwenye kondo la nyuma kwa sura ambayo mwili wake haujawahi kukutana nayo. Ndiyo sababu kliniki huwapa wajawazito vidonge vya SP (dawa ya kukinga malaria) na chandarua, hata wasipoumwa.