Fundi aliyezama kazini hafanyi kazi rahisi

Sokoni Kadutu, hapa Bukavu, utamwona fundi cherehani ameinamia kikwembe, kelele za wapita njia hazimgusi, saa tatu zimekwisha hana habari. Watu husema: kwake kazi ni nyepesi, mikono inajiendea yenyewe. Sivyo.

Mihaly Csikszentmihalyi, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliichunguza hali hii katika miaka ya 1970 kwa kuwahoji wapanda miamba, wachezaji wa sataranji, hata madaktari wapasuaji. Aliona kwamba kazi rahisi mno huchosha akili, na inayozidi uwezo hutia wasiwasi. Mtu huzama pale ugumu unapolingana na ustadi wake, anapojua anachotafuta, na kazi yenyewe inapomjibu papo hapo.

Kwa hilo cherehani inaishinda mikutano mingi ya ofisini, ambayo haimjibu mtu chochote. Mshono ukipinda, fundi anauona palepale, anafumua. Mpe mapindo ya mapazia kutwa nzima, atapiga miayo. Mletee libaya, blauzi ya kikwembe, ya harusi yenye kola ngumu, atasahau hata chakula.