Njia ya Mzunguko Mlimani: Yale Tunayoyadhani Watembezi wa Mombasa na Yalivyo Hasa

Tangu treni ya reli mpya ianze kubeba abiria mwaka wa 2017, Milima ya Taita imetusogelea sisi watu wa Mombasa. Mtu hushuka Voi, akapanda matatu ya kupitia Mwatate hadi Wundanyi, na kabla ya adhuhuri amekwisha kuingia kwenye msitu ambao ubaridi na harufu ya majani yake havifanani na chochote alichokizoea kisiwani. Nimefuatana na makundi ya watembezi kwa miaka kadhaa katika njia za kiasi, zile zisizohitaji kamba wala ujuzi wa kukwea miamba, ambazo hupanda ndani ya msitu, hupita mgongoni mwa mlima na kurudi zilikoanzia kwa upande mwingine. Nimeona kwamba kinachowaponza wengi si udhaifu wa mwili. Ni kipimo wanachotoka nacho nyumbani, kipimo cha mtu aliyezoea kutembea kwenye ardhi iliyo sawa na bahari.

Dhana inayotangulia zote ni ya umbali. Utamsikia mtu akisema kwamba kilomita 8 si kitu kwake, kwa kuwa kila jioni hutembea kando ya bahari, pale Mama Ngina, kwenda na kurudi bila kuchoka. Mlimani, kilomita peke yake haisemi mengi. Mpanda milima wa Uskoti aliyeitwa William Naismith aliweka mwaka wa 1892 kanuni ambayo hadi leo hutumika: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo mzunguko wa kilomita 8 wenye jumla ya mita 400 za kupanda huchukua muda wa saa mbili na robo, na hapo hujapumzika, hujala, hujamsubiri mwenzako afunge kiatu, wala hujahesabu mizizi na matope. Kwa kundi lenye wageni, mimi huuzidisha muda huo mara mbili, na sijawahi kujuta.

Dhana ya pili ndiyo ninayoiogopa zaidi, maana inaonekana kuwa na mantiki: kwamba njia ya mzunguko haiwezi kumpoteza mtu, kwa sababu mwishowe itamrudisha pale pale alipoanzia. Njia hiyo itakurudisha ikiwa tu utabaki juu yake. Anayekwenda na kurudi kwa njia ile ile huona kila kitu mara mbili, na wakati wa kurudi jiwe, daraja la magogo na mti ulioanguka humshuhudia kwamba hajakosea. Anayezunguka hana ushahidi huo. Kila hatua ni ngeni kwake mpaka ya mwisho. Isitoshe, katika misitu iliyo karibu na vijiji, njia huchanika mara kwa mara, kijia kimoja kikielekea kwenye chemchemi, kingine kwenye shamba la mtu, na kingine walikopita wakata kuni. Mara nyingi kijia kisicho chako ndicho kipana na safi zaidi, kwa kuwa ndicho kinachopitwa kila siku.

Liko jambo jingine katika mzunguko ambalo watu hawalifikirii mpaka liwafike. Ukishavuka nusu ya njia, kurudi nyuma si njia ya mkato tena. Mtu akiteguka kifundo cha mguu katika robo ya tatu, kilicho karibu ni mbele, hata kama mbele hakujui. Ndiyo maana uamuzi wa kuendelea au kurudi hufanywa kabla ya nusu, na hufanywa kwa saa ya mkononi. Ikiwa mlipanga kufika mgongoni saa tano na sasa ni saa saba, mnarudi, hata kama kilele kinaonekana na kila mtu anasema bado nguvu anazo.

Lugha yetu nayo imechangia dhana ya tatu. Jambo rahisi tunaliita la mteremko, na kwa hiyo mtu akishafika juu huamini kwamba kazi imekwisha. Katika kushuka, msuli wa mbele ya paja hufanya kazi ya breki: hurefuka huku umebeba uzito wa mwili mzima, na kazi ya namna hiyo huuchubua msuli kuliko kupanda. Maumivu yake hayaji siku hiyo. Hupanda kati ya siku ya kwanza na ya tatu, mtu akashindwa kushuka ngazi za nyumbani kwake. Nilimfuata nyuma kijana mmoja wa Kisauni, mchezaji mpira mwenye mapafu ya ajabu, aliyetuacha sote wakati wa kupanda. Katika kushuka nilikuwa nikiona magoti yake yakitetemeka kila alipotua mguu. Mbele yake palikuwa na mzizi uliolainishwa na nyayo za miaka mingi hadi ukang'aa, na juu yake jani moja bichi lililolowa. Alikanyaga jani. Aliangukia kiganja, na tukashukuru kwamba ilikuwa ngozi tu iliyochunika. Tangu siku ile huwaambia wote wafupishe hatua, wakunje magoti kidogo na wachukue fimbo, ambayo si ya wazee peke yao.

Kuhusu baridi, wengi hudhani kwamba mlima ulio katika eneo letu la pwani hauwezi kuwa na hewa tofauti sana na ya kwetu. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 hadi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Vuria, kilele kirefu kuliko vyote katika Milima ya Taita, kina mita 2,208. Siku ambayo Mombasa ina nyuzi 28, kule juu huenda zikawa 14, na upepo bado haujahesabiwa. Jambo linalonigusa ni kwamba baridi hiyo na ukungu wake vimetoka kwetu. Kusi ile ile inayopita juu ya mji wetu ikiwa na unyevu wa Bahari ya Hindi husafiri juu ya nyika kavu, ikagonga milima, ikapandishwa na kupoa, na unyevu ukageuka mawingu yanayolowesha miti hata siku isiyo na mvua. Bila upepo huo, misitu kama Ngangao na Mbololo, na ndege aitwaye kurumbiza wa Taita, asiyepatikana kwingine duniani, isingekuwapo. Basi asiyebeba koti la mvua katika miezi ya kipupwe kwa sababu anga la Voi lilikuwa jeupe ameangalia anga lisilohusika. Na fulana ya pamba ikilowa hukaa na maji na kumpoza mwenyewe. Ya sufu au ya nailoni ni bora.

Ubaridi huohuo huzaa kosa jingine, la kudhani kwamba maji kidogo yatatosha. Kiu hupungua lakini jasho la kupanda halipungui sana, na makadirio ya nusu lita kwa kila saa ya mwendo ni ya kiasi. Maji ya kijito, hata yakiwa maangavu kama kioo, yasinywewe hivihivi, kwani vijidudu havionekani na juu ya kijito huenda kuna ng'ombe. Yakichemka kwa dakika moja yanafaa. Ukiwa juu ya mita 2,000, yaache dakika tatu.

Ugonjwa wa mwinuko, ambao wengine huuhofia, kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500, kwa hiyo Taita hauwahusu. Na si kweli kwamba ramani ya simu haifanyi kazi pasipo mtandao: simu hupokea ishara za setilaiti popote anga linapoonekana, mradi ramani umeipakua nyumbani na betri haijaisha.

Giza ni jambo la kuzingatiwa zaidi. Tunajua kwamba kwetu jua huzama baada ya saa kumi na mbili jioni, na mtu hujipangia kufika chini saa hiyo hiyo. Karibu na ikweta magharibi ni fupi, haizidi nusu saa, na chini ya matawi yaliyoshikana mwanga wa kuona mizizi humalizika mapema zaidi. Mimi huhesabu siku kuwa imekwisha saa kumi na moja, na kila mtu hubeba tochi yake.

Husemwa pia kwamba nyoka wote hukimbia wakisikia hatua. Wengi hukimbia, lakini kifutu hulala tuli, akitegemea rangi yake, na katika mashamba na vichaka vya chini kabla ya msitu ndiko kwa kumwangalia. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha, wala asifungwe kamba ya kukaza. Avuliwe pete na bangili, kiungo kitulizwe kwa kijiti, abebwe hospitali haraka.

Wasioweza safari ya Voi huvuka Likoni kwenda Shimba Hills, wakidhani kwamba vilima vifupi havina masharti. Hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka wa 1968, ina ndovu na nyati, na ndiyo makao pekee ya palahala, aina ya swala mkubwa, nchini Kenya. Kwenda kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa zaidi ya mita 20, hufanywa pamoja na askari wa wanyamapori mwenye silaha. Askari akisimama na kuinua mkono, kundi zima hunyamaza na kusubiri, hata kama maji yameanza kusikika.