Je, wajua? Yesu alilipa fidia, ila nani aliipokea?

Ukikaa Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, Jumapili mchana, huyu katoka ibadani yule hajaenda kabisa, mabishano ya dini hayaishi. Kuna swali moja huwa linawakalisha kimya hata wazee wa kanisa. Marko 10:45 Yesu anasema amekuja "kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi", haya, fidia ni malipo ya kumtoa mtu kifungoni, sasa kama kuna aliyelipa si lazima kuna aliyepokea? Nani?

Na huku kwetu hilo siyo jambo la kufikirika tu. White Fathers, wale mapadri wa Kikatoliki waliofungua misheni ya Bukumbi mwaka 1883, upande wa Misungwi, kati ya watoto waliowalea walikuwepo watumwa waliowanunua ili wawe huru. Hapo aliyepokea anajulikana, ni yule mwenye biashara yake ya watu.

Basi ni Shetani? Origen wa Alexandria, mwalimu wa kanisa wa karne ya 3, alisema ndiyo, watu walijiuza kwake kwa dhambi, na Yesu alipotolewa kwake akashindwa kumshikilia. Jibu lilipendwa hilo. Karne ya 4 askofu Gregory wa Nazianzo akaja juu, aibu gani hii, mnyang'anyi alipwe! Yaani mtu kaiba injini ya mtumbwi wako halafu wewe ndo umpelekee hela. Baadaye, kama mwaka 1098, Anselm, askofu mkuu wa Canterbury kule Uingereza, akaja na hesabu nyingine kwamba deni ni la heshima ya Mungu, anayedaiwa ni mwanadamu ila mwenye uwezo wa kulipa ni Mungu peke yake, ndo maana Mungu akawa mtu. Makanisa mengi ya Magharibi yakaelekea huko.

Mimi naona Agano la Kale lilishajibu. Israeli walikombolewa Misri na Farao hakupewa hata senti, na Isaya 52:3 inasema wazi "mtakombolewa bila fedha". Fidia inakuonyesha ukombozi ulimgharimu nini mkombozi, habari ya risiti tuiache.

Na aliyekombolewa halipi kitu, ndo neema yenyewe, Waefeso 2:8. Ndo maana Paulo aliwawakia Wagalatia, walishaamini halafu wakaja watu kuwaambia bila kutahiriwa bado hamjakamilika, akawaandikia wasinaswe tena "chini ya kongwa la utumwa" (5:1). Siku hizi kongwa linaitwa sadaka ya mbegu, leta elfu hamsini mnyororo wa ukoo ukatike, jamani!

Sasa kuna mjanja atasema kama ni bure basi tujiachie. Paulo aliulizwa hilo hilo, akajibu "Hasha!" (Warumi 6:2), na kwa Wagalatia akawaambia huo uhuru wautumie kutumikiana kwa upendo, siyo kufuata mwili, 5:13 hiyo, kasome mwenyewe.