Multivitamini na mafua ya mara kwa mara: kidonge kinaziba pengo gani?

Multivitamini ni kidonge, au dawa ya maji kwa watoto, kilichokusanya vitamini kadhaa na mara nyingi madini machache kama zinki na chuma. Kila kimoja huwekwa kwa kiasi kinachokaribia mahitaji ya mtu kwa siku moja. Si dawa ya ugonjwa fulani, wala si chanjo. Vitamini zenyewe ziko 13: A, C, D, E, K, na nane za kundi la B. Mwili unazihitaji kwa vipimo vidogo sana, lakini nyingi hauwezi kuzitengeneza, kwa hiyo lazima zitoke kwenye chakula. Vitamini D ndiyo yenye njia yake, kwa sababu ngozi huitengeneza ikipigwa na jua.

Geuza kopo usome maandishi ya nyuma. Mara nyingi utakuta kitu kama hiki: vitamini C, miligramu 80, asilimia 100. Hiyo asilimia ndiyo inayoeleza kila kitu, na ndiyo watu wengi wanairuka. Maana yake ni kwamba hata kama siku hiyo hukula vitamini C yoyote, kidonge kimekutosheleza. Hakuna mahali inaposema kwamba aliyekwisha kula mapera mawili mchana atapata nguvu ya ziada juu ya ile aliyonayo. Na pera moja tu la wastani huwa na vitamini C nyingi kuliko kidonge hicho.

Tukisema kitu "kinaongeza kinga", basi, tuulize kinaongeza kwa nani. Chembe za kinga zinahitaji vitamini A, C, D, B6, B12, foleti (moja ya vitamini za kundi la B), zinki, chuma na vinginevyo ili zifanye kazi. Kimojawapo kikipungua, kazi inazorota na maambukizi yanapata upenyo. Hapo kidonge kinasaidia kweli, kwa sababu kinarudisha kilichokosekana. Lakini vikishatosha, kuviongeza hakuzifanyi chembe hizo zipigane kwa bidii zaidi. Ndoo ikijaa, maji unayoongeza yanamwagika. Utaliona hilo kwa macho yako: ule mkojo wa njano kali saa chache baada ya kumeza multivitamini ni vitamini B2 ambayo mwili haukuihitaji ikitoka.

Sasa mafua. Husababishwa na virusi vya aina zaidi ya 200, na vinavyoongoza ni vile vya jamii ya rinovirusi. Kupona aina moja hakukukingi na nyingine, ndiyo maana mtu huyapata tena na tena maisha yake yote. Mtu mzima mwenye afya njema hupata mafua kama mara 2 au 3 kwa mwaka. Mtoto mdogo hupata mara 6 hadi 8, na akianza chekechea anaweza kupita hapo. Kwa vile kila mafua huchukua wiki moja hivi na kikohozi kinaweza kuburuza zaidi, mzazi mwenye watoto wawili nyumbani huona kama kamasi hazikauki mwaka mzima. Wengi wanaokwenda duka la dawa kuomba "kitu cha kinga" wako ndani ya kiwango hicho cha kawaida. Inachosha, nakubali, na usiku wa mtoto aliyeziba pua ni mrefu kwa kila mtu nyumbani, lakini si dalili kwamba kinga imeanguka.

Je, kumeza multivitamini kila siku kunapunguza mara hizo? Swali hili limepimwa kwa njia ya haki: watu hugawanywa kwa bahati nasibu, nusu wanapewa kidonge halisi, nusu kidonge kinachofanana nacho lakini hakina kitu, kisha wanafuatiliwa. Uholanzi walifanya hivyo kwa wazee 652 wanaoishi majumbani kwao, matokeo yakatoka mwaka 2002. Scotland wakafanya kwa watu 910 wa miaka 65 na zaidi kwa mwaka mzima, matokeo yakatoka mwaka 2005. Kote kuwili, waliomeza multivitamini hawakuugua maambukizi machache kuliko wenzao. Nimewataja wazee kwa makusudi, maana kinga yao hupungua kwa umri na wao ndio tungetarajia wafaidike kwanza.

Vitamini C ina historia yake. Aliyeieneza sana ni Linus Pauling, mkemia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mara mbili. Mwaka 1970 alitoa kitabu akisema vipimo vikubwa vya vitamini C vinazuia mafua, na jina lake lilitosha watu kuamini. Majaribio yakafuata kwa miaka mingi, na mwaka 2013 yalijumlishwa 29 yenye watu zaidi ya 11,000. Kwa watu wa kawaida, kumeza kila siku hakukupunguza idadi ya mafua. Kulifupisha tu muda wa kuugua, asilimia 8 kwa watu wazima na 14 kwa watoto. Kwa mafua ya siku saba, mtu mzima anaokoa kama nusu siku. Kundi moja lilifaidika zaidi: wakimbiaji wa marathoni, wanamichezo wa kwenye theluji na askari waliokuwa mazoezini kwenye baridi kali, ambao mafua yao yalipungua kwa nusu. Ama ile desturi yetu ya kukimbilia vidonge vya kutafuna baada ya chafya ya kwanza, majaribio hayakuonyesha faida ya kutegemewa.

Mfano mzuri wa kuziba pengo lililopo kweli ni matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi 59 kila baada ya miezi sita, Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi. Yanatolewa kwa sababu upungufu wa vitamini A kwa watoto unajulikana upo, na kuuondoa kunapunguza vifo, hasa vya kuhara. Hayazuii mafua, na hakuna muuguzi atakayekuahidi hivyo. Mpeleke mtoto tu.

Nani mwingine anaweza kuwa na pengo? Mjamzito, ambaye kliniki humpa madini ya chuma na foliki asidi. Mzee asiyekula vizuri. Mtu asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa, kwa sababu ya B12. Mgonjwa wa kisukari anayetumia metformin kwa miaka mingi, kwa sababu hiyo hiyo. Mtu anayekunywa pombe nyingi. Na ndugu zetu walioko London au Toronto: ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi kutengeneza vitamini D, na jua la baridi la huko halitoshi. Uingereza inashauri watu wazima wote wafikirie kumeza mikrogramu 10 za vitamini D kila siku wakati wa vuli na baridi, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Sababu kubwa ni mifupa na misuli. Kwa upande wa mafua, majaribio 25 yaliyojumlishwa mwaka 2017 yalionyesha faida hasa kwa wenye upungufu mkubwa, ingawa hesabu za baadaye zimeipunguza faida hiyo.

Kama unaona mafua yako yamezidi, kabla ya kununua kopo angalia kama ni mafua kweli. Chafya mfululizo asubuhi, pua na macho yanayowasha, kamasi nyepesi kama maji, bila homa, na hali ikizidi ukifagia au ukikunja blanketi la zamani: huo ni mzio, na hakuna vitamini inayoutibu. Moshi wa kuni, mkaa na sigara nao huwasha njia ya hewa kila siku. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu. Maambukizi mazito yanayorudi rudi, pamoja na kupungua uzito au vidonda visivyopona, yanahitaji kipimo cha VVU na cha sukari. Mtu anaweza kupoteza miezi akimeza vidonge vya rangi nzuri huku ugonjwa unaotibika ukiendelea, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi katika biashara hii ya "kinga".

Usingizi una ushahidi mzito kuliko kopo lolote. Katika utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2015, watu 164 waliojitolea walitiliwa rinovirusi puani. Waliokuwa wakilala chini ya saa sita walipata mafua mara nne zaidi ya waliolala zaidi ya saa saba. Kunawa mikono kwa sabuni hakuhitaji maelezo.

Kwa anayeendelea kumeza, multivitamini ya kawaida kwa kipimo cha kidonge kimoja ni salama kwa watu wengi, lakini si kwa kila hali. Mjamzito asimeze vitamini A ya vipimo vikubwa, maana inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Vidonge vyenye chuma vikae mbali na watoto. Wanavidhani peremende, na vikizidi ni sumu inayoua. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari, kwa sababu vitamini K huipunguzia nguvu. Na anayetumia ARV, yaani dawa za VVU, yenye dolutegravir ajue kwamba chuma, kalsiamu na zinki huishika dawa hiyo tumboni isiingie mwilini vizuri. Ameze ARV saa 2 kabla ya multivitamini, au saa 6 baada yake, au vyote pamoja wakati wa chakula, na amwambie mhudumu wa kliniki kile anachomeza hata kama hakuulizwa.