Kipupwe kinakaribia: ifungue hita yako uitazame ndani

Masika yakipungua na kusi likakaza, watoto wa Malindi huanza kuyakimbia maji ya asubuhi. Hapo ndipo hita iliyokaa kimya tangu mwaka jana huwashwa, na hapo ndipo mafundi hupigiwa simu kwa haraka. Mimi hufundisha ufundi wa mabomba na stima katika chuo kimoja cha hapa mjini, na ombi langu ni kwamba kazi hii ifanywe sasa, kabla baridi haijaingia.

Kwenye nchi za theluji, watu huiandaa hita kwa kuogopa maji yagande na kupasua mabomba. Kwetu hayagandi. Kinachoua hita za Pwani ni chokaa na chumvi. Tumejenga juu ya mawe ya matumbawe, na maji ya kisima yakipita humo hubeba chokaa. Ukiwa karibu na bahari, hubeba na chumvi. Yakipata moto, chokaa hujishika kwenye koili, yaani chuma kinachopasha maji, na kuwa lile gamba jeupe unaloliona ndani ya birika. Koili iliyovaa gamba huchelewa kupasha, hula stima, na mwisho huungua.

Chumvi nayo hula tangi. Matangi mengi ya chuma yana fimbo ya magnesiamu ndani, na wenye nyumba wengi hawajui kama ipo. Imewekwa makusudi iliwe yenyewe badala ya tangi. Ikiisha, kutu hugeukia chuma, na tangi likishatoboka halina dawa. Anayetumia maji ya mfereji kutoka mitambo ya Baricho anaweza kuikagua kila baada ya miaka miwili hivi. Wa kisima, awe Malindi au Lamu, aikague kila mwaka. Ukiona waya wa katikati umetokeza, ibadilishe. Bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya tangi jipya.

Siku hiyohiyo lisuuze tangi. Zima swichi ya hita, maji yaachwe yapoe usiku kucha, funga yanayoingia, fungua mfereji wa maji moto hewa ipite, kisha yatoe yote mpaka mchanga na vipande vyeupe viishe. Usiwashe stima kabla tangi halijajaa tena: koili huungua ikiwaka pakavu.

Valvu ya usalama, ile inayotoa maji tangi likizidiwa na presha, nawasihi msiichezee. Lita 100 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 60 huongezeka kwa karibu lita moja na nusu, na ziada hiyo lazima ipate pa kutokea. Valvu kudondosha kidogo wakati hita inapasha si ubovu. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba ambayo mtu alichoshwa na matone hayo, akaiziba kwa kizibo cha chuma. Nilizima stima kabla hata ya kusalimu. Tangi lililozibwa hivyo likiendelea kupata moto laweza kulipuka na kubomoa ukuta.

Joto liweke nyuzi 60. Wengine huliteremsha hadi 40 ili kuokoa stima, lakini kwenye uvuguvugu huo, kati ya 20 na 45, ndimo huzaliana bakteria wa legionela, wanaoleta homa kali ya mapafu. Kumbuka pia kwamba maji ya nyuzi 60 humchoma mtoto kwa sekunde chache, kwa hiyo changanya na baridi kwanza.

Ninyi mnaotunza nyumba za wageni zinazofungwa msimu wa kusi: hita ikikaa wiki mbili na zaidi bila kutumika, gesi ya haidrojeni, inayoshika moto upesi, huweza kujikusanya ndani yake. Mkirudi, fungueni madirisha, kisha mfereji wa maji moto kwa dakika kadhaa, bila sigara wala jiko karibu. Kama hita ni ya jua, paneli ifunikwe kwa turubai mkiondoka, maana jua litaipasha hata nyumba ikiwa tupu.

Na ukigusa mfereji ukahisi kidole kinatetemeshwa, acha kuoga, zima swichi kuu, umwite fundi stima mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, akague waya wa athi, ule unaopeleka ardhini stima inayovuja, siku hiyohiyo.