Kuahirisha mambo si uvivu

Dhana: Anayeahirisha kazi ni mvivu.
Mvivu hataki kazi, na hilo halimnyimi usingizi. Anayeahirisha amekusudia kuifanya, anajua kuchelewa kutamgharimu, na bado haanzi. Mara nyingi hata hajakaa bure: anapanga kabati, anajibu ujumbe, anafagia pasipo na taka. Anachokikimbia ni hisia inayoandamana na kazi ile, iwe hofu ya kushindwa, kuchoshwa, au kutojua aanzie wapi. Mwaka 2013 watafiti Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza kwamba kuahirisha ni kutafuta nafuu ya moyo ya papo hapo. Nafuu hiyo ndiyo mtego: akili huzoea kwamba kukwepa kunatuliza, na kesho yake kazi ileile huonekana nzito zaidi. Kumwita mtu mvivu kunamwongezea mzigo uleule anaoukimbia.

Dhana: Kila kuchelewesha ni kuahirisha.
Hapana. Kusubiri taarifa ambayo bado haijafika ni busara. Jiulize: nikingoja, nitapata nini ambacho sina sasa?

Dhana: "Mimi hufanya vizuri nikibanwa na muda."
Dianne Tice na Roy Baumeister walichapisha mwaka 1997 utafiti kuhusu wanafunzi wa chuo kikuu Marekani. Mwanzoni mwa muhula walioahirisha walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao. Mwishoni waliwazidi kwa msongo na maradhi, na alama zao zilikuwa za chini.

Dhana: Dawa ni ratiba kali.
Ratiba inayosema "Jumamosi: ripoti" haikuambii uanze na nini. Andika saa, mahali na tendo: "Nikimaliza kuosha vyombo, nitakaa mezani niandike vichwa 3 vya ripoti." Simu iache chumba kingine kabla hujakaa. Fanya dakika 10 tu, kwani ugumu mwingi uko kwenye kuanza. Kabla ya kuinuka, andika hatua inayofuata, usije kesho ukaanza kuitafuta upya. Ukiikwepa hatua hiyo mara 2, bado ni kubwa, ikate tena.

Dhana: Kujilaumu kutakuamsha.
Katika utafiti wa mwaka 2010, wanafunzi waliojisamehe kwa kuahirisha kusomea mtihani wa kwanza walipunguza kuahirisha walipojiandaa kwa wa pili.