Eti kichaa ni mapepo tu, apelekwe kwa padri?

Hii naisikia kila siku, hata kwa Wakatoliki wenzangu: ndugu yako akianza kusikia sauti basi ana mapepo, mwite padri amtoe. Jamani hapana. Katekisimu yenyewe, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 1673 inasema kabla ya kupunga pepo lazima kwanza kuhakikisha sio ugonjwa, na hata hapo padri hagusi bila ruhusa ya askofu.

Sasa cheki mji wa Geel, Ubelgiji. Kuna kanisa la Mtakatifu Dymphna, binti ambaye simulizi inasema aliuawa hapo na baba yake aliyerukwa na akili. Wagonjwa wa akili walikuwa wanaletwa kusali siku tisa, wanalala kwenye chumba kilichojengwa ubavuni mwa kanisa, kikajaa, wanakijiji wakaanza kuwapa vitanda majumbani kwao na wengine hawakuondoka tena. Hiyo ni tangu enzi za kati mpaka leo!! Miaka ya 1930 walikuwa zaidi ya 3,000 kwenye familia za pale.

Na hawaitwi wagonjwa, wanaitwa wapangaji. Mtu anamenya viazi, anacheza na watoto wa nyumba, akiona simba ukutani mama mwenye nyumba hambishii, anajifanya anawafukuza, yule anatulia. Na usidhani ni sala tupu, hospitali ya akili ipo hapo hapo mjini tangu karne ya 19, madaktari na manesi wanawafuatilia, dawa wanameza kama kawaida.